Fungu la Omanga

Ubaya wenyewe ulianza na sahani. Haikuwa damu wala kilio cha bundi. Ilikuwa sahani ya bati tu, ile ya maua mekundu iliyobanduka ukingo. Mourine, binti mkubwa wa Truphena, alipanga chakula cha mchana juu ya mkeka, akaweka sahani tano, akaketi kunawa mikono. Nyumba hiyo ilikuwa na watu wanne. Hakuna aliyeuliza. Byron, baba yao, alikula, Truphena akala, Mourine akala, na Ema mdogo, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajamaliza vizuri, akajipaka mchuzi wa samaki mpaka masikioni. Truphena alipokusanya vyombo ndipo akaona sahani ya tano imelambwa ikawa safi, na mfupa wa yule samaki wa ngege umelazwa ukingoni kwa adabu, kazi ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Mourine, hii imeliwa na nani?"

"Si ni ya..." Mourine akaanza, kisha kinywa kikabaki wazi. "Sijui, Mama. Nilikuwa najua sasa hivi."

Byron akacheka. Yeye ni fundi wa injini za boti pale Mbita, na fundi wa injini haamini kitu asichoweza kukifungua kwa spana. "Nyar Ndhiwa," akamwambia mkewe, binti aliyetoka Ndhiwa, "umekula mara mbili na sasa unatafuta mshtakiwa."

Truphena akacheka pia, lakini kicheko chake hakikufika tumboni, kwa sababu alikuwa na jambo lake moyoni. Jambo lenyewe ni hili.

Kwao Ndhiwa, mama mwenye akili hahesabu watu wa nyumba yake kwa sauti. Ukimuuliza ana watoto wangapi atakuambia "wapo, tunashukuru," na ukizidi kuuliza atakukaribisha chai. Kilichohesabiwa kinasikika, na si kila anayesikia ana nia njema. Truphena aliyajua hayo tangu ananyonya. Lakini wiki chache kabla ya sahani ile, Moraa alipita mlangoni. Moraa ni mama wa Kikisii anayejitolea kazi za afya pale mtaani, na siku hiyo alikuwa akiandikisha watu wa kupewa neti za mbu.

"Mko wangapi hapa, Mama Mourine?"

"Tupo tu."

"'Tupo tu' haiingii kwa simu, mama. Watu wawili neti moja. Niambie namba."

Sasa Truphena alikuwa na vifaranga, na mwewe wa Mbita ni mwizi anayejua jina lako. Akawaza: neti mbili za watu, na moja ya vifaranga, kuna ubaya gani? Mtaa mzima ulifanya hivyo. Kuna aliyefunikia miche ya sukuma, kuna aliyeanikia dagaa wa omena, na kuna mke mmoja, jina lake tuliache, aliyemshonea binti yake shela ya harusi.

"Tuko watano," akasema.

"Wa tano nani?"

"Omanga. Wa upande wa shemeji yangu. Yuko visiwani, anarudi."

"Umri?"

"Mkubwa mkubwa."

Moraa akabofya, na mtu akawa ameingia. Truphena akapata neti tatu. Vifaranga wakafunikwa. Wala hakukuwa na Omanga visiwani, wala katika ukoo wote wa Byron hapakuwa na mtu wa jina hilo.

*

Baada ya sahani, vitu vikaanza kupungua. Truphena aliuza samaki wa kukaanga karibu na gati la feri, na mkono wake ulijua bidhaa yake kuliko macho. Akitoka na samaki kumi, akigeuka wamebaki wanane. Akinunua mandazi kumi na tano, akifungua karatasi ni kumi na mawili. Lakini siku aliyobeba samaki saba, saba walifika. Siku ya mandazi kumi na mawili, hakuna lililoguswa. Ni Mourine, wa sekondari, aliyeliona kwanza. Alikuja jikoni akasimama karibu sana na mama yake, kama alivyofanya alipokuwa mdogo na kuna radi.

"Mama, kikigawanyika kwa watano, kinapungua. Fungu moja linaondoka. Kisipogawanyika, hakiguswi."

"Ni panya," alisema Byron kutoka nje.

"Panya gani anayejua kugawanya, Baba? Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kiboko."

Kesho yake neti ya vifaranga haikuwapo. Truphena alidhani ni wezi mpaka alipofungua stoo, kile chumba cha mabati kilichoegemea nyumba, walimoweka majembe na magunia. Neti ilikuwa imening'inizwa kutoka kwenye boriti, pembe zake zimeingizwa chini ya gunia lililotandikwa vizuri. Mle ndani mlinuka magugu ya ziwani yaliyooza juani, na chini yake harufu nyingine kavu ya chuma kilichopata moto. Na gunia lilikuwa limebonyea upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umepigwapigwa ukawa laini, jinsi mtu anavyomwandalia mgeni nafasi.

Byron aliichoma neti hiyo mwenyewe, nyuma ya choo, akiimba kwa sauti kubwa ili ionekane haogopi. Jua lilipofika utosini siku iliyofuata, ilikuwa imerudi mahali pake, inanuka moshi.

Truphena akavaa viatu akamkimbilia Moraa.

"Nifutie yule Omanga. Nilidanganya. Hayupo."

Moraa akamtazama kwa huruma ya kikazi. "Mama Mourine, mtu akishaingia hatolewi hivi hivi. Amehama?"

"Hakuhama. Hakuwahi kuwapo!"

"Basi amekufa? Kama amekufa leta karatasi ya kifo, nitamtoa."

"Nitapata wapi karatasi ya kifo ya mtu ambaye hajazaliwa?"

"Ndiyo nakuuliza na mimi," akasema Moraa. Na Moraa si mtu mbaya, lakini kabla ya jioni mtaa wote ulijua kwamba mke wa Byron anataka kumuua shemeji yake kwenye simu.

Wakajaribu kuhama. Walikwenda Ndhiwa kwa dada yake Truphena. Dada akawapokea kwa furaha, akapakua chakula, akaweka mbele ya wageni wake sahani tano. Wakarudi Mbita bila kumaliza kula.

Kisha ikaja ile adhuhuri ambayo Truphena hupenda kuiruka akisimulia. Kimya kilikuwa kimetanda, ile saa ambayo hata kuku hutafuta kivuli na ziwa linameremeta kama karai la mafuta. Ema alikuwa amelala juu ya mkeka barazani. Truphena aligeuka kupindua samaki mmoja karaini, mmoja tu, na alipogeuka tena mkeka ulikuwa mtupu, na mlango wa stoo uko wazi kiasi cha mkono wa mtoto. Aliingia akamkuta Ema ndani ya neti, amelala upande ule uliolainishwa, macho wazi, akicheka kwa sauti ya chini na kushika kitu hewani kama mtoto anavyoshika kidole cha mkubwa. Na upande wa pili gunia lilikuwa limebonyea, na lile bonyeo lilikuwa likipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu anayejifanya amelala.

"Manga," akasema Ema.

Truphena alimnyakua mtoto na neti yake na pembe ya gunia, akatoka akipiga ukelele ambao ulisikika mpaka kwa wavuvi wa upande wa Rusinga, na nyuma yake sauti ikasema, bila hasira hata kidogo, kama mteja anayekumbusha chenji yake: "Neti ni ya watu wawili. Niko mmoja."

*

Truphena ni Msabato, tena wa kwaya, na Msabato wa kwaya hana kazi kwa mganga. Basi alisubiri Sabato iishe, akaenda Jumapili.

Mganga alikuwa Ntimaru, kule Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, na wala hakuwa mzee wa ndevu. Aliitwa Ryoba, mtu wa makamo aliyeuza mtama na mahindi sokoni kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na uganga alirithi kwa bibi yake kama wengine wanavyorithi pumu. Alimsikiliza Truphena huku akipimia wateja, na kila akimaliza kupima aliongeza konzi moja juu, kwa mazoea, hata asiyeomba alipewa.

"Mama, hukurogwa," akasema. "Huyo ulimwalika. Wako wanaozunguka hawana mahali. Wewe ukasema tuko watano na mko wanne. Nafasi ilikuwa wazi, akaja kuikaa. Hata jina ulimpa."

"Nimtoeje?"

"Hatoki. Ila anaweza kushughulishwa. Hawa hawachukui kitu mpaka wagawe, na hawagawi mpaka ilingane. Ikibaki hata punje moja, wanaanza upya. Utampa lundo, utamwambia: gawa hili kwanza, likilingana ndipo uchukue mtu. Hawezi kukataa. Ni kama mlevi na chang'aa."

"Si atagawa kwa watano amalize?"

"Ndiyo maana lundo lina hesabu yake." Ryoba akainama, akashusha sauti. "Likimkataa kwa watano ataita wenzake. Watagawana wawili, wakishindwa watatu, wakishindwa wanne. Kila wakishindwa anaongezeka mgeni mmoja. Sasa hesabu ya bibi ni hii. Chukua mbili, uzidishe kwa tatu. Uzidishe kwa tano. Kwa saba. Kwa kumi na moja. Kwa kumi na tatu. Unapata thelathini elfu na thelathini. Hiyo inagawanyika na kila mtu, hiyo ni karamu. Halafu unaigusa kidogo, unaongeza punje moja, na karamu inageuka kufuli. Wakija wawili, inabaki moja. Watatu, moja. Watano, saba, kumi na moja, moja, moja, moja. Punje hiyo moja ndiyo mtoto wako."

Ryoba akaja naye Mbita. Walihesabu mtama punje kwa punje, yeye na Truphena na Mourine, mpaka macho yakatoka machozi, mafungu juu ya mafungu, wakarudia, wakarudia tena. Thelathini elfu na thelathini, na moja juu. Ukiona lundo lenyewe utacheka: halijai hata nusu ya gorogoro. Ryoba akalimwaga katikati ya stoo, akasema maneno yake, akafunga mlango.

"Na msiliguse," akaonya. "Likiguswa wanarudi kuanzia wawili. Na mkono usiingie kabisa. Mkono ni wa kugawa. Ukiweka mkono kwenye lundo, wewe ni mwenzao."

Wakakaa barazani wakisikiliza. Muda si muda: ti. Ti. Ti. Ti. Punje huku, punje kule, mafungu matano. Ilichukua kutwa. Mwishoni kabisa ikasikika ti moja ya peke yake, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. Kisha hodi kwenye bati, mara moja. Kisha ti, ti, ti, mafungu mawili sasa, la Omanga na la mwenzake.

Truphena akalia kwa furaha. Byron akamlipa Ryoba jogoo.

*

Mtu huzoea. Hata hicho walizoea. Walikula sahani nne, samaki hawakupungua, na Ema alilala barazani akiamka pale pale. Kila adhuhuri hodi moja zaidi, na nyuma ya bati mtama unadondoka kama manyunyu yasiyokatika. Majirani waliambiwa ni kuku wanadonoa.

Lakini wageni walizidi. Walipofika kumi stoo ilianza kutoa joto. Walipofika thelathini mabati yalivimba kwa nje na harufu ya magugu ikaingia kwenye nguo, kwenye unga, kwenye nywele za Mourine hata shuleni wakamhama dawati. Walipopita hamsini ukipita karibu na ukuta ulisikia wakipumua, wote kwa pamoja, wakisubiri zamu, kama watu kwenye foleni ya hospitali. Na hawakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Truphena. Walikuwa na subira.

Siku moja Mourine alikaa na simu ya mama yake akibofya kikokotoo, kucheza tu, kama wasichana wengine wanavyotazama mavazi. Alikuwa akiigawa ile thelathini elfu na thelathini na moja. Kumi na saba, nukta, haiingii. Kumi na tisa, nukta. Ishirini na tatu, nukta. Truphena alikuwa akisuka kikapu hakumtazama, mpaka aliposikia simu imeanguka.

"Mama. Leo wamefika wangapi?"

"Wewe ndiye unayeshika hesabu. Hamsini na nane, ulisema."

"Hamsini na tisa inaingia."

"Inaingia wapi?"

"Kwa lundo. Hamsini na tisa, mara mia tano na tisa. Nimezidisha na kalamu pia. Haibaki kitu." Akaiokota simu. "Kesho wakiwa hamsini na tisa, kila mmoja anapata punje mia tano na tisa. Inalingana, Mama. Kufuli si kufuli."

Truphena hakujua kuzidisha namna hiyo, lakini alijua uso wa binti yake. Akampigia Ryoba kwa simu ya Byron, sauti ikasikika kwa wote.

"Haiwezekani," akasema Ryoba. Kelele za soko zilisikika nyuma yake. "Bibi aliitumia miaka yote."

"Kumbuka vizuri, baba. Bibi alisemaje? Maneno yake yenyewe."

Akasema polepole, "Alisema: fika kwenye karamu, kisha iguse kwa moja."

"Iguse aje? Aliongeza?"

Kwenye simu Truphena akamsikia mteja akidai, "Niongeze basi!" na mtama ukimwagika juu ya gorogoro.

"Yawa," akasema Ryoba, yeye Mkuria, kwa Kijaluo cha kuazima. "Alipunguza. Alikuwa akichukua moja anatia mdomoni. Nilimwona, nikadhani ni njaa. Mama, nisamehe. Sisi wa sokoni mkono hauendi chini, unaenda juu. Nimempa jini nyongeza."

Mourine alikuwa ameshabofya. Aliigawa thelathini elfu na ishirini na tisa kwa kila namba ambayo mwalimu alimfundisha haivunjiki, akipanda mpaka mia moja sabini na tatu, maana mwalimu alisema ukipita pale namba ikijizidisha yenyewe inalipita lile kubwa, huna haja ya kuendelea. Nukta, nukta, nukta. Hakuna iliyoingia.

"Zitoke mbili," akasema. "Moja ya Ryoba, moja ya bibi yake. Zikitoka mbili wanaweza kuitana mpaka wajae ziwa lote, haitalingana."

"Mbili kamili," Ryoba akasema kwenye simu, na sasa sauti yake ilikuwa ya mganga kweli. "Ikitoka moja ukaishia hapo, mama, umewarudishia karamu. Na utumie mdomo. Mkono, hapana."

*

Byron alisema ataingia yeye. Mikono yake, Truphena akamwambia, imezoea kushika kila kitu. Ataanguka na kujizuia kwa mkono, na hapo atamwacha yeye mjane. Byron hakucheka. Alimshika Mourine, na Mourine akamshika Ema kiunoni, wakakaa barazani hivyo, wamefungamana kama samaki kwenye ugwe.

Jua lilisimama utosini. Hodi ikapigwa. Truphena akafunga mikono yake nyuma kwa leso, akausukuma mlango kwa bega.

Hakuona mtu. Aliona mtama tu, umekusanywa lundo moja katikati ya sakafu, na kuuzunguka, kwenye vumbi, alama za watu waliochuchumaa, vidole vya miguu vyote vikielekea ndani, safu nyuma ya safu mpaka ukutani. Joto lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria. Akapita katikati yao, na pande zote mbili akahisi magoti yakivutwa kumpisha, kwa heshima, kama wanavyompisha mama kanisani. Akapiga magoti. Akainamisha uso mpaka pua ikagusa mtama, akatoa ncha ya ulimi, ulimi wa mwanamke aliyekula ugali wa mtama maisha yake yote na kutambua mchanga mmoja katika tonge, akabandua punje moja. Akaimeza.

Pumzi zote zikakoma.

Na hapo, kabla hajainama tena, lundo likapasuka lenyewe katikati, kama nywele zinavyogawanywa kwa chanuo, na punje zikaanza kukimbia, nusu huku, nusu kule, si ti ti ti ya zamani bali mngurumo mmoja, maana sasa mikono ilikuwa mingi na ilikuwa na haraka, zikarundikana mafungu mawili, yakapanda sawa, yakatulia sawa, na katikati yake sakafu ikabaki tupu kabisa, haikubaki punje, haikubaki hata ganda, na katika kimya kile Truphena akasikia nje Mourine akilia "Ema, keti! Ema, keti!" na Byron akiapa, na kisha nyayo ndogo za mtoto zikija juu ya mchanga bila haraka, kwa sababu mikono ya watu wawili wazima haikuweza kumzuia mtoto ambaye zamu yake imefika, na fungu la kushoto likaanza kuinuka kutoka chini, likichotwa na viganja asivyoviona, na sauti ile isiyo na hasira ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Imelingana, mama."

Truphena akaufuata mtama huo ukiwa hewani. Alitumbukiza ulimi. Zilipanda mbili.

Mbili! Akazihisi, moja kwenye ncha, moja kwenye fizi. Akimeza zote, hajui ni hesabu gani atakuwa amewapa. Ema alikuwa mlangoni, mkono umenyooshwa. Truphena aliisukuma ile ya kwenye fizi kwa ulimi, taratibu, jinsi mtu anavyotoa mwiba wa samaki mbele ya wakwe, akaitema. Ikaanguka katika fungu lile lile: ti. Nyingine akaimeza.

Viganja vikasimama. Fungu la kushoto lilikuwa pungufu, punje moja tu.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mmoja. Mabati yalilia, misumari ikaruka, na hamsini na zaidi wakaondoka kupitia paani wakisukumana na kunung'unika kama wageni walioitwa kwenye karamu wakakuta moto haujawashwa, na upepo wao ukakausha samaki wote gatini. Ema akakaa chini pale mlangoni akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye usingizi. Truphena hajawahi kusikia wimbo mtamu kama huo.

Mmoja hakuondoka. Byron akamfungua Truphena ile leso, na alipokuwa akimbeba mtoto kutoka nje, alisikia nyuma yake mtama ukikusanywa pamoja, kwa uangalifu, na mtu akivuta pumzi na kuanza. Ti. Ti.

*

Yupo mpaka leo. Byron ameuziba mlango wa stoo kwa matofali, na mtaani husemwa kuna mali ya magendo humo. Adhuhuri hodi hupigwa, wageni wanaitwa tena, na Mourine husema waje tu, hata wakiwa elfu haitalingana. Siku ambayo italingana, kila mmoja wao atakuwa na punje moja mkononi, na hapo Mbita nzima haitatosha kuwakalisha.

Ema anakua. Ni mtoto mzuri, anacheka, anapenda njugu. Ila ukimpa njugu hali kwanza. Huziweka chini, akazitenga polepole, moja huku, moja kule, bila mtu kumfundisha, na midomo yake ikitoa kisauti kidogo. Zikilingana hula kwa raha. Ikibaki moja huvuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima aliyechoka, akaiinua hiyo moja, akageuza kichwa kumtafuta wa kumpa.

Na kila mara Truphena humwahi. Huinyakua kidoleni mwa mtoto akaitafuna haraka haraka, hata kama kinywa chake kimejaa, hata kama kuna wageni sebuleni wanaomwona na kusema, jamani, mama gani huyu anayemnyang'anya mtoto njugu.